Saini ya Mdogo Wangu

Baba yetu alijenga nyumba nyingi za Kasongo, na hakuna hata moja aliyoichora kwanza. Alifika kwenye kiwanja asubuhi, akazunguka kimya, kisha akasimama mahali alipoona mwenye nyumba angependa kukaa na wageni wake, akachomeka kijiti. Baraza ilianzia hapo, na vyumba vilifuata nyuma. Mimi na mdogo wangu tulishika kamba, mmoja huku, mwingine kule, naye akatuangalia kwa jicho moja. "Vuta. Legeza kidogo. Basi, hapo."

Tulikuwa watoto wa baba mmoja na mama wawili. Mama yangu alikuwa Mwislamu kama baba. Mama yake alitoka kwa Wakristo, watu wa mashamba ya mpunga nje ya mji. Alipoachana na baba alirudi kwao na mtoto wake, na wajomba wakampeleka kwa mapadiri, akabatizwa, akaanza masomo. Mimi nilibaki na kamba. Siku zile mtoto wa Kiislamu hakuingia katika masomo yale bila kubatizwa, na baba hakutaka kusikia habari hiyo.

"Wewe uko na kazi mkononi," aliniambia. "Karatasi utafanyia nini?"

Nilimwamini, mpaka likizo ya kwanza mdogo wangu alipokuja kutusalimu. Alikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, na rula ya mbao iliyochongoka pembeni. Baba alimkalisha barazani akamwambia asome chochote. Alisoma maandishi yaliyokuwa kwenye mfuko wa simenti. Baba alimsikiliza kana kwamba ni habari za kutoka Maka. Mimi nilikuwa nimesimama uani, udongo umenikauka mpaka kwenye viwiko, nikamwona baba akimwangalia mtoto yule kwa namna ambayo hakuwahi kuniangalia mimi hata siku nilipomaliza ukuta peke yangu. Wivu wangu ulianzia pale, kwenye mfuko wa simenti.

Baba alikufa mdogo wangu akiwa Elisabethville, kwenye masomo ya kufundisha wasaidizi wa kujenga. Mimi ndiye niliyemwosha pamoja na wazee wa msikiti, na mimi ndiye niliyerithi vyombo vyake na wateja wake. Kwa muda nilikuwa mtu. Nilioa, nikapata watoto, na mtu akitaka nyumba upande wetu wa mji alikuja kupiga hodi kwangu.

Kisha mdogo wangu akarudi. Alirudi na cheti, na Leta, yaani serikali ya wazungu, ikampa kazi katika ofisi ya travo, ile iliyosimamia barabara na majengo yote ya serikali. Akapewa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye madirisha ya vioo, na meza kubwa iliyolala mshazari, ya kuchorea. Ilisemekana kwamba katika eneo zima hakuna mtu mweusi mwingine mwenye cheti kama chake. Mke wangu alikwenda kumsalimu na kikapu cha mchele, akarudi amechangamka.

"Shemeji anachora nyumba mpaka unaona ngazi ndani yake," alisema. "Ukiangalia karatasi unafikiri unaweza kuingia."

"Ingia basi," nikamwambia.

Akaenda kupika. Siku ile sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa na samaki mzuri kutoka Nyangwe, lakini sikuona utamu wake.

Haukupita muda mrefu, karani wa eneo alisimama sokoni akatusomea sheria mpya. Kuanzia siku ile, nyumba yoyote ya kudumu, yaani ya matofali ya kuchoma, simenti na mabati, katika mji na katika vituo vya biashara, isijengwe bila plani. Na plani hiyo iwe imesinywa, yaani imetiwa saini, na mtu anayetambuliwa na Leta. Fundi atakayejenga bila plani atasimamishwa, na ukuta wake utabomolewa. Nyumba za miti na udongo hazikuhusika.

Watu waligeuka kuniangalia. Mmoja wa wateja wangu, aliyekuwa ameshakusanya matofali yake, alinisalimu kwa upole mno, kama unavyomsalimu mtu aliyefiwa. Wiki ile ile nilimwona akitoka kwa mdogo wangu na karatasi imeviringishwa kwapani. Akanipita bila kusimama.

Nikimtaja mdogo wangu hapa, msifikiri alikuwa mtu wa majivuno. Aliniita Yaya, kama mdogo anavyopaswa kumwita mkubwa wake, na mbele ya watu aliniachia kiti. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mtu akikudharau unapata pa kushikia. Yeye aliinuka, akanipa kiti chake, akabaki amesimama na kalamu mfukoni, na kila aliyetuona alijua nani kati yetu ni mkubwa na nani anahitajika.

Nikaanza kutafuta kazi mbali naye. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kabambare, Mwislamu wa huko, aliyemjua marehemu baba. Alitaka duka la matofali ya kuchoma lenye ghala nyuma. Nilimuuliza habari ya plani, naye akasema Kabambare ni mbali, wazungu wa travo wanapita mara chache, tutaanza na karatasi itafuata. Nilipanda juu ya lori la mizigo, nikavuka mto Luama kwa kivuko, nikafika nikiwa mwekundu kwa vumbi na mwenye furaha. Huko hakuna aliyemjua mdogo wangu. Huko nilikuwa fundi, mtoto wa fundi.

Tulichimba msingi, tukaanza kuta. Zilikuwa zimenifika kiunoni, polisi wa eneo alipokuja kutusimamisha.

"Nani alisinya plani?" aliuliza.

"Iko njiani," mfanyabiashara akajibu.

"Basi na nyinyi mungoje njiani. Hakuna tofali kuwekwa juu ya tofali."

Polisi alipoondoka, mfanyabiashara alikaa juu ya rundo la mchanga, akatengeneza kofia yake. Alikuwa mtu mtaratibu.

"Nasikia iko kijana mumoja Kasongo, mutu mweusi, anajua mambo ya plani," alisema. "Unamujua?"

Ningeweza kusema simjui. Nilisema, "Ni mdogo wangu."

Alifurahi mpaka akanishika mkono. "Ndugu yako? Na unakaa kimya hivi?"

Nilirudi Kasongo. Nilimkuta mdogo wangu mezani kwake, amepandisha mikono ya shati. Aliniachia kiti kama kawaida, na safari hii sikukaa. Nilimweleza yote haraka, kama mtu anayemeza dawa, kisha nikamwambia, "Nataka uchore na usinye. Urefu wa kuta unajulikana, nitakutajia."

"Siwezi kuchora kitu sijakiona, Yaya."

"Umeshika kamba na mimi tangu utoto. Kazi yangu hujaiona?"

"Kazi yako nimeiona. Udongo wa kule sijauona."

Nilimwambia aseme tu kama hataki. Hakukasirika. Aliomba ruhusa ofisini, na lori la kwanza lililopata nafasi tulipanda pamoja, yeye na mfuko wake wa vyombo kati ya magoti, mimi nikiangalia upande wa pili wa barabara. Njia nzima hatukusema zaidi ya kuombana maji.

Kabambare watu walikuja kumwona. Walikuja kabisa, na watoto mgongoni. Mfanyabiashara alichinja kuku. Mimi nilikuwa nimekula pale siku nyingi maharage na ugali, na sikukasirikia chakula, ila kuku yule nilimtafuna taratibu sana.

Kesho yake mdogo wangu alizunguka kuta. Alipima, akaandika, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema uko wima, umejengwa vizuri. Nikapumua. Halafu alikwenda kwenye kona ya nyuma, upande wa ghala, ambako ardhi inashuka kuelekea bonde, akaomba jembe.

"Msingi hapa ulichimba kiasi gani?"

"Kama baba alivyochimba siku zote."

"Baba alijenga kwa matofali mabichi na mapaa ya majani," alisema. Alisema polepole, mafundi wangu wakisikia. "Haya ya kuchoma ni mazito. Na ghala litajaa mpunga. Ukuta huu ushuke, Yaya, tuchimbe tena."

Nilimuuliza kama amekuja kunisaidia au kunivunjia. Nilimuuliza kama masomoni Elisabethville walimfundisha kumsahihisha baba kaburini. Mambo mengine niliyosema siyaandiki. Alisubiri mpaka nikamaliza, akavua viatu, akaingia mwenyewe kando ya ukuta akaanza kuchimba. Mafundi walisimama bila kujua waangalie wapi.

Hakuchimba sana. Chini ya msingi wangu udongo ulibadilika rangi, ukawa mweusi, kisha maji yakaanza kutoka, kidogo kidogo, yakikusanyika kwenye nyayo zake. Alinitazama kutoka shimoni. Hakutabasamu. Kama angekuwa amekosea, ningemsamehe mambo mengi siku ile. Lakini hakukosea, na maji yale yaliyojaa vidoleni mwake kila mtu aliyaona.

Tulibomoa ukuta wa nyuma. Niliubomoa mwenyewe, sikumwachia mtu. Tukachimba mpaka kwenye udongo mgumu, tukajaza mawe, na polisi akaturuhusu kupandisha upya, maana mtu wa travo alikuwa nasi. Mdogo wangu alikaa Kabambare akichora usiku na mchana katika chumba cha mfanyabiashara, na plani ilipokamilika niliona mke wangu hakuwa ametia chumvi. Duka lilikuwa pale kwenye karatasi, na mlango wake, na ghala lake, na ule ukuta wa nyuma, na mistari ya kuonyesha mawe niliyoyabeba mimi. Chini, kwenye kona, mfanyabiashara alinisomea jina lake. Langu halikuwepo popote. Nililitafuta, ingawa nilijua kwamba hata lingekuwepo nisingeweza kulisoma.

Siku chache baadaye mzungu wa travo alipita akielekea barabara ya kusini. Alikuwa bado kijana, labda umri wa mdogo wangu, uso umeungua kwa jua. Hakuzima injini. Mdogo wangu alikwenda kwenye gari akavua kofia, akamkunjulia plani juu ya boneti. Mimi na mfanyabiashara tulisimama karibu.

"Hii iko kazi ya nani?" mzungu aliuliza kwa Kiswahili.

Mdogo wangu alimjibu kwa Kifaransa, maneno mengi na mazuri kwa kusikia. Mzungu alimkata, akaendelea kwa Kiswahili, na nadhani alitaka na sisi tusikie.

"Wewe iko musaidizi. Musaidizi anachora. Kusinya iko kazi ya enjiniya. Mara ngapi nilikuambia usiweke jina hapa chini?"

"Nimeweka kuonyesha mchoraji, Bwana."

"Hakuna mutu anauliza mchoraji."

Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la mdogo wangu, akaandika lake pembeni, akagonga muhuri. Hakushuka kuangalia ukuta. Hakuuliza habari ya maji. Akaniangalia mimi, akaangalia tope kwenye suruali yangu, akasema, "Endelea, fundi," akaondoa gari.

Nitasema nilichohisi kwa mpangilio kilivyokuja. Kwanza nilihisi raha. Ilinipanda kutoka tumboni kama chai ya moto. Kumbe saini niliyoilalia macho wazi haikuwepo. Kumbe kila plani iliyotoka ofisini kwake, mzungu alikuwa akiweka jina lake juu, na mdogo wangu hakutuambia, aliacha mji mzima uamini. Halafu nikamwona akiikunja karatasi. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka kuinua uso. Raha yangu ikapoa, na nilichobaki nacho sikukijua jina.

Njiani kurudi lori liliharibika kabla ya kivuko. Dereva na tandiboi wake walilala chini ya lori wakigonga vyuma. Sisi tulikaa kwenye nyasi. Mdogo wangu ndiye aliyeanza.

"Sasa umeona."

"Nimeona."

"Masomoni walituambia hivyo siku ya kwanza. Cheti chetu iko cha musaidizi. Enjiniya au arshitekti ni mutu mwenye diploma ya Ulaya, na Ulaya hawatupeleki. Nilifikiri nikifanya kazi vizuri wataniacha nisinye hata plani ya choo." Alicheka kidogo. "Hata choo, Yaya, hapana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tulipokuwa watoto nilimwona amekasirika. "Wewe mutu anakuja mlangoni kwako anasema nijengee, unamujengea, anasema hii nyumba alijenga fulani. Mimi nani atasema nilijenga? Na baba alikufa mikononi mwako. Mimi nilipata barua. Kila nikija likizo nilikuwa naangalia mikono yako, udongo mpaka hapa, baba anakuita kazini bila hata kutaja jina, anapiga mluzi tu na wewe unakwenda. Mimi alinikalisha kwenye kiti kama mgeni. Nilisoma ule mfuko wa simenti mpaka nikauchukia."

Niling'oa nyasi. Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana, lakini dereva aliita kwamba gari limewaka, tukapanda. Ila safari hii tulikaa upande mmoja.

Wivu haukuisha kwa maneno yale. Nilipofika nyumbani mke wangu alimsifu shemeji yake tena, na mimi nikaona kifua kinabana kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa nilijua kuna mtu mwingine anayebanwa kwa sababu yangu, na hilo lilinipa usingizi kidogo, ingawa si usingizi wa mtu mwema.

Ndipo Leta ilipoleta mtihani wa mafundi. Fundi ambaye angefaulu angepewa kadi, na mwenye kadi ya daraja la kwanza angeruhusiwa kuchukua nyumba ndogo kwa jina lake mwenyewe, akifuata plani za mfano ambazo ofisi ilikuwa imeshazikubali. Asiye na kadi angebaki kibarua wa wengine. Tuliitwa kwenye uwanja wa travo, kila mmoja na mwiko wake na timazi yake. Aliyekaa mezani kutupima alikuwa mdogo wangu.

Nilijenga kona mbele yake. Alipita, akaweka pima maji, akaandika. Hakuniita Yaya. Aliniita fundi, kama wengine. Kisha kila mtu alipewa plani aeleze mlango uko wapi, dirisha liko wapi, ukuta una urefu gani. Nilishika karatasi ile, ya nyumba nisiyoijenga mimi. Niliona mistari, na nambari, na maneno ya Kifaransa madogo kama sisimizi. Mlango niliubahatisha. Dirisha nililikosa.

Aliniandikia daraja la pili. Kona yangu ilikuwa nzuri kuliko zote uwanjani, na alisema hivyo mbele ya watu, halafu akaniandikia daraja la pili.

Mke wangu alisubiri mpaka nikamaliza kufoka, akasema, "Angekupa la kwanza, ungekwenda kumwambia nani kwamba ni lako?"

"Angenipa, ningetafuta wa kumwambia."

"Nenda akufundishe, Baba watoto. Anakungoja."

"Amekuambia?"

"Ameniambia tangu aliporudi kutoka Elisabethville."

Nilikwenda. Sikwenda siku hiyo, wala mwezi huo. Nilikwenda baada ya mvua kubwa za mwanzo, kazi zilipopungua. Nilikaa kwenye kile kiti alichokuwa akiniachia siku zote, naye akakaa kando yangu, akanifundisha kwanza nambari, kisha herufi, kisha namna ukuta unavyokatwa kwenye karatasi kama unavyokata mkate. Alikuwa mwalimu mzuri na hilo pia lilinikera. Nikiona jambo kabla hajalieleza, alinyamaza na kugonga meza kwa kidole, mara moja, kama alivyofanya baba mtu alipoweka tofali mahali pake. Sikujua alipojifunzia. Pengine siku zile za kamba.

Mtihani uliofuata alikuja mpimaji mwingine kutoka Kindu, mtu asiyemjua baba yangu wala mama yangu. Nilipata daraja la kwanza. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wangu, kadi mkononi, na sitaki kusema nilikwenda kumshukuru tu. Nilitaka aione.

Aliipokea, akaisoma pande zote mbili. Ilikuwa na jina langu na muhuri, na hakuna mstari uliopigwa juu ya kitu chochote.

"Kwa hiyo unaweza kujenga kwa jina lako," alisema.

"Nyumba ndogo."

"Nyumba ndogo ni nyumba." Alinirudishia kadi, na mkono wake ulichelewa kuiachia. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe mimi nikiwa nimesimama. Kwa muda aliangalia ile meza yake ya mshazari. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Ukipata mutu anataka nyumba isiyofanana na zile za mfano, Jumapili ofisi imefungwa. Ningeweza kukuchorea. Enjiniya atasinya juu, hiyo tunajua. Lakini wewe utajua nani amechora."

Nilimwambia nitafikiri. Nilitembea mpaka sokoni nikiwa na kadi mfukoni, nikaisikiliza ile furaha yangu, nikaona ina uchungu ndani yake, na kwamba sikupenda kumwona amekaa vile.

Nikamtumia neno, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa yake, alikuja kwangu na karatasi zake. Kulikuwa na mjane mmoja wa upande wa Nyangwe aliyetaka vyumba viwili na mahali pa kukausha samaki pasipopata mvua. Tulibishana tangu asubuhi mlango uwe wapi. Mke wangu alituletea chakula, tukala tukibishana, na mjane, aliyekuwa amekaa pembeni akitusikiliza, mwishowe alituambia kwamba nyumba ni yake na mlango anautaka uelekee mtoni.

Mdogo wangu aliuchora hapo.